Kolwezi: familia inayotaka agrafezi ianze na pini, mashine ifuate

KOLWEZI, Lualaba – Kabla mvua za Oktoba na Novemba hazijaanza, kazi za mikono huongezeka katika kartie za komini ya Dilala na komini ya Manika. Mama mmoja anafunga wavu wa kuzuia mbu dirishani. Kijana mwingine anabadilisha kitambaa cha fotei iliyochakaa. Familia iliyohamia pembezoni mwa mji inatenganisha chumba cha wazazi na cha watoto kwa kitambaa na fremu ya mbao. Kazi hizo zote zinaweza kufanywa kwa nyundo na misumari midogo, lakini zinakwenda upesi na kwa usafi zaidi kwa agrafezi, ile mashine inayopiga pini zenye miguu miwili ndani ya mbao.

Mashine hiyo inaonekana ndogo, na watu wengi wanainunua kama wanavyonunua bisibisi: wanaangalia bei, wanaangalia rangi, wanalipa. Baada ya wiki chache imekwama, au pini zake hazipatikani tena sokoni, na inalala chini ya kitanda. Kwa familia yenye mshahara wa kila mwezi, hiyo ni hasara ndogo. Kwa familia iliyohamishwa, ambayo pesa zake za fidia au za msaada zinaingia mara moja tu, ni kosa zito. Ndiyo maana inafaa kusema wazi: familia ichague pini kwanza na mashine baadaye, ichukue ya mkono kabla ya kufikiria ya umeme, na isiipe agrafezi kazi ya kushika paa.

Pesa inayokuja mara moja

Katika mji huu wa shaba na kobalti, kuhama si habari ya mbali. Kasulo inajulikana kwa wote. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za kartie hiyo, watu wakachimba mpaka ndani ya viwanja vyao, na mwaka 2017 sehemu ya kartie ikazungushiwa ukuta na kupewa kampuni, wakaaji wakaondoka. Kwenye Cité Gécamines, mgodi unaendelea kukua kando ya nyumba za watu. Mnamo Septemba 2023 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la hapa la IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu waliotolewa makwao kwa ajili ya migodi ya Kolwezi na mazingira yake. Ndani yake watu waliohamishwa wanaeleza kwamba fidia haikutosha kupata nyumba kama ile waliyoacha, na kwamba wengine sasa wanaishi mbali, katika nyumba ndogo zaidi, bila maji ya bomba na bila umeme wa kuaminika. Zaidi yao kuna familia zilizofika kutoka majimbo mengine, zikikimbia vita au njaa.

Fidia ikifika, inagawanywa siku hiyo hiyo: kiwanja, mabati, deni la duka, ada ya shule. Mara nyingi kinabaki kiasi kidogo ambacho baba au mama anasema, hiki tukifanyie kazi ya kutuletea chakula. Kufunika viti ni wazo zuri katika wazo hizo. Halihitaji shamba wala shimo, halimpeleki mtoto mgodini, na mji huu una viti vingi vilivyochanika: vya makanisa, vya nganda, vya ofisi, vya majumbani. Lakini kazi hiyo inasimama juu ya chombo kimoja. Chombo hicho kikifa mwezi wa kwanza, na mtaji umekufa nacho.

Pini kwanza

Muuzaji ataonyesha mashine kwanza kwa sababu hiyo ndiyo yenye faida kwake. Mnunuzi aanze na kasha la pini. Mashine inanunuliwa mara moja, pini zinanunuliwa maisha yote ya mashine, na pini za aina moja haziingii katika kila mashine. Zikilazimishwa, zinakwama mdomoni na kuharibu chuma kinachozisukuma.

Kwenye makasha mengi aina ya pini imeandikwa kwa namba. Mbili zinatosha kuzijua kwa kazi za nyumbani. Namba 53 ni pini ya waya mwembamba. Upana wake ni milimita 11.4, na unene wa waya wake ni kama robo tatu ya milimita. Hiyo ni pini ya kitambaa: haikati nyuzi sana, haionekani sana, inatoka kwa urahisi siku ya kubadilisha kitambaa. Namba 140 ni pini ya waya bapa na mzito, upana milimita 10.6, na waya wake una zaidi ya milimita moja. Hiyo inashika mbao, tripleksi nyembamba, ngozi nene na mikanda inayobeba sponji chini ya kiti. Haipindiki haraka inapokutana na mbao ngumu, lakini inaacha alama kubwa na inaweza kuchana kitambaa chepesi.

Tofauti kati ya 11.4 na 10.6 haionekani kwa jicho la mtu aliyesimama mbele ya duka lenye vumbi na kelele. Kwa hiyo mnunuzi asiamini jicho. Asome namba iliyoandikwa kwenye mwili wa mashine, asome namba ya kasha, kisha aombe kutia pini ndani mbele ya muuzaji. Mashine isiyo na namba yoyote, wala karatasi inayosema inakula pini gani, irudishwe mezani hata kama bei yake inavutia.

Kisha kuna swali ambalo watu husahau: pini hizo ziko kwa wauzaji wangapi? Bidhaa nyingi za kenkayeri za Kolwezi zinapita Kasumbalesa na Lubumbashi kabla ya kufika hapa. Barabara ikiharibika au mpaka ukifungwa kwa siku kadhaa, kitu kinachouzwa na mtu mmoja tu kinapotea. Kabla ya kulipa, mnunuzi azunguke soko na kuuliza kwa wauzaji watatu. Akikuta pini za namba ile ile kwa wote watatu, mashine ya namba hiyo ndiyo yake. Akikuta kwa mmoja tu, aiache, hata iwe nzuri namna gani.

Urefu wa miguu ya pini nao umeandikwa kwa milimita: 6, 8, 10, 12, 14. Mguu lazima upite kitambaa chote na tabaka zote, kisha uingie katika mbao milimita 5 au 6 hivi. Kitambaa kimoja juu ya mbao ngumu kinahitaji 6 au 8. Kitambaa kilichokunjwa mara mbili juu ya mbao laini kinahitaji 10. Mikanda na ngozi nene, 12 au zaidi. Kwenye tripleksi ya milimita 9, pini ya 12 inaweza kutokea upande wa pili na kumchoma mtu atakayekaa au mtoto atakayepitisha mkono chini ya kiti.

Mkono, umeme au hewa

Agrafezi ziko za aina tatu. Ya kwanza inabanwa kwa mkono na ina springi ndani. Ya pili inatumia umeme wa ukutani au betri. Ya tatu inasukumwa na hewa ya kompresa.

Mafundi wakubwa wa fotei wanapenda ile ya hewa, na wana sababu. Inapiga haraka, haichoshi mkono, na pini zake nyembamba zinajificha vizuri ndani ya kitambaa. Fundi anayefunika fotei nyingi kila wiki, mwenye karakana na umeme au grupu, akinunua kompresa hajakosea. Lakini mara nyingi anayeanza humtazama fundi huyo na kutaka kuanzia pale mwenzake alipofika baada ya miaka kumi. Kompresa inataka umeme, inataka mpira wa hewa usiovuja, inataka mahali pa kulazwa salama usiku. Familia inayoishi katika vyumba viwili haina hivyo.

Habari ya umeme katika Kolwezi inauma zaidi ukiitazama kwa karibu. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako juu ya mto Lualaba, si mbali na mji, nayo yalijengwa katika miaka ya 1950. Laini kubwa kutoka Inga, karibu kilomita 1,700, inaishia hapa hapa Kolwezi tangu mwaka 1982. Umeme huo uliletwa kwa ajili ya migodi, na mpaka leo mgodi unawaka usiku kucha wakati kartie nzima iko gizani. Anayenunua agrafezi ya umeme anafunga mkate wake kwenye waya asioutawala.

Ile ya betri inaonekana kuwa jibu, na mazungumzo juu yake yana uchungu wake. Betri nyingi za lithiamu za vifaa hivyo zina kobalti ndani, na Kongo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka katika ardhi hii ya Lualaba. Kobalti inatoka hapa kwa lori, inarudi ndani ya betri, kwa bei ambayo mwenye ardhi hawezi. Zaidi ya bei, betri inazeeka. Ikifa, mara nyingi hakuna nyingine ya aina ile sokoni, na mashine nzima inakuwa chuma bure.

Ile ya mkono haina sifa kubwa, lakini inafanya kazi gizani, kwenye mvua, na kijijini. Springi yake ikichoka, fundi mwenye koleo na uvumilivu anaweza kuifungua. Mtu anayeanza aichukue hiyo. Kazi ikikua na pesa ikipatikana, kompresa bado itakuwepo sokoni.

Jaribio la dukani

Muuzaji mzuri hakatai bidhaa yake ijaribiwe. Mnunuzi aende dukani na vitu vitatu mfukoni: kipande cha mbao laini, kipande cha mbao ngumu, na kitambaa kidogo cha aina atakayofanyia kazi.

Jambo la kwanza la kutazama ni mwili wa mashine. Ya chuma inadumu kuliko ya plastiki, hasa mahali ambapo mpini unazungukia na mdomoni ambapo pini inatokea. Droo ya pini ivutwe na kurudishwa mara kumi. Ikiyumba leo ikiwa mpya, itakwama ikiingia vumbi la Kolwezi.

Jambo la pili ni mkono wa atakayeitumia. Kosa la kawaida ni baba kununua mashine ambayo mama au binti ndiye atakayefanya nayo kazi. Springi kali inayofaa mkono wa mchimbaji inaweza kumshinda mtu mwenye kiganja kidogo. Atakayeitumia ndiye aende dukani, aibane mara 20 mfululizo. Vidole vikitetemeka kabla ya kufika 20, hiyo si yake, kwa sababu kiti kimoja kinataka zaidi ya hapo.

Jambo la tatu ni pini yenyewe baada ya kupigwa. Mgongo wake ulale sawa na kitambaa. Ikibaki imesimama, springi ni dhaifu au pini ni ndefu mno kwa mbao hiyo. Ikizama na kukata kitambaa, nguvu ni nyingi mno. Ndiyo maana mashine yenye skrubu ya kuongeza na kupunguza nguvu inastahili kuongezewa franka kidogo: asubuhi inafunga wavu wa mbu, mchana inafunga ngozi, na haiharibu hata kimoja.

Jambo la nne ni kifungo cha kufunga mpini kazi ikiisha. Mashine isiyofungika ni hatari katika nyumba yenye watoto. Pini inaruka kwa nguvu ya kutosha kupofusha jicho. Anayefanya kazi avae miwani hata ya jua, asielekeze mdomo wa mashine kwa mtu, na ikikwama aondoe pini zote kwanza kabla ya kusogeza uso. Aliyechomwa na pini yenye kutu aoshe kidonda kwa maji na sabuni na aende kituo cha afya kuulizia sindano ya pepopunda. Kidonda kidogo cha namna hiyo kimewahi kuzika watu.

Mbao na kitambaa cha Kolwezi

Mbao za msituni kwetu, kama mulombwa na mukula, ni ngumu. Pini nyembamba inapinda juu yake. Kwa mbao hizo inafaa pini fupi na nzito, au kuweka ubao mwembamba wa mbao laini nyuma ya fremu, pale kitambaa kinapofungwa. Familia nyingi zinatumia mbao za paleti na za masanduku yaliyoleta vifaa vya migodi. Nyingi ni za msonobari, laini, na pini inaingia bila shida. Lakini kabla ya kuzileta nyumbani, watazame mhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT zinaonyesha kwamba mbao ilitibiwa kwa joto. Herufi MB zinaonyesha kwamba ilipuliziwa sumu ya kuua wadudu. Ya pili isitumike kwa kitanda wala kwa kiti cha mtoto, na isichomwe jikoni.

Tahadhari hiyo iende pia kwa vitambaa. Mifuko mikubwa iliyobeba mawe ya madini au kemikali za viwanda ni migumu na inapatikana kwa bei ndogo, na kuna wanaoitumia kufunika viti na magodoro. Vumbi lililo ndani ya nyuzi zake haliishi kwa kuoshwa mara moja, na mtoto anayelala juu yake analivuta usiku mzima. Kitambaa cha mtumba kilichooshwa vizuri ni bora kuliko mfuko huo.

Katika kufunga, fundi hodari anajulikana kwa mpangilio wake. Pini ya kwanza inapigwa katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaoukabili, kisha pande mbili zilizobaki. Kutoka hapo anaelekea kwenye kona, akivuta kitambaa kidogo kidogo kwa nguvu ile ile. Anayeanzia kona moja na kuzunguka, mwishoni anakuta makunyanzi ambayo hakuna mkono unaoweza kuyaondoa. Ukingo wa kitambaa ukunjwe mara mbili kabla ya pini, ili isishike uzi mmoja tu. Haraka haraka haina baraka, na kwenye kitambaa ukweli huo unaonekana siku hiyo hiyo.

Bashi si kazi ya agrafezi

Hapa ndipo makosa yanaumiza watu. Familia iliyopewa bashi inaona agrafezi, inaona fremu ya miti, inafikiri imepata njia ya haraka ya kuezeka. Pini zinapigwa kila kiganja kimoja, paa linakaa zuri kwa siku kadhaa, kisha unakuja upepo wa mvua ya kwanza. Waya wa pini ni mwembamba, na upepo unalivuta bashi juu yake kama kisu. Tundu moja linachanika hadi la pili, la pili hadi la tatu, na usiku wa manane watoto wanalala ndani ya maji. Hata pasipo upepo, kila pini ni tundu mbili ambazo maji yanapitia. Kamba hukatikia pabovu, na pini ndiyo hapo pabovu.

Mashirika yanayojua kazi hii hayaweki agrafezi katika mzigo wa kujengea. Mzigo wa makazi wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa una mabashi mawili ya mita 4 kwa 6, kamba, msumeno, nyundo, waya wa kufungia na misumari, ikiwemo ile ya mabati yenye kichwa kipana. Sababu ni kwamba bashi linataka kushikwa kwa eneo pana. Ukingo uviringishwe kwenye ubao mwembamba, kisha ubao huo upigiliwe msumari kwenye mti. Pasipo na ubao, kifuniko cha chupa ya bia au kipande cha mpira wa tairi kiwekwe chini ya kichwa cha msumari ili nguvu itawanyike. Anayetengeneza paa kwa agrafezi anaharibu bashi ambalo huenda hatapewa lingine.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo, agrafezi inarudi kuwa rafiki. Inafunga kitambaa cha kugawa chumba. Inafunga wavu wa mbu dirishani, na wavu huo ukishafunikwa kwa kibao chembamba kuzunguka ukingo, mbu hapati pa kupita. Katika jimbo ambapo malaria haipumziki, kazi hiyo ya dakika 20 ina thamani kuliko fotei mpya.

Hesabu kabla ya kulipa

Kuna njia rahisi ya kujua kama familia inahitaji kununua mashine yake. Kiti cha kulia chenye kikalio cha sentimita 45 kwa 45 kina mzunguko wa sentimita 180. Pini ikipigwa kila sentimita 3, ni pini 60. Ukiongeza kitambaa cha chini cha kufunika mbao, ni 60 nyingine. Viti sita ni pini 720, na kasha la pini 1,000 linabakiza kidogo. Fotei ya watu watatu inaweza kumaliza kasha zima peke yake.

Mwenye viti sita tu vya kwake mwenyewe asinunue. Aazime, au apige kwa nyundo na misumari midogo ya kitambaa, taratibu, siku mbili. Mwenye kutaka kuifanya biashara anunue, na siku hiyo hiyo anunue makasha matatu ya pini na koleo dogo la kung'olea pini za zamani. Pesa isipotosha kwa vyote, apunguze kwingine, lakini asinunue mashine bila pini za akiba.

Baina ya hao wawili kuna njia ya tatu ambayo watu wa Kolwezi wanaijua vizuri, nayo ni likelemba. Familia tano za jirani zinaweza kununua mashine moja nzuri ya chuma badala ya mashine tano mbovu. Kila mmoja ananunua pini zake, mashine inazunguka kwa zamu, na anayeirudisha imekwama anaifungua mwenyewe mbele ya wenzake. Katika mitaa mipya ambamo watu waliohamishwa hawajuani bado, chombo cha pamoja kinaleta pia sababu ya kugongeana mlango.

Itakayekaa nyumbani itunzwe. Ihifadhiwe mahali pakavu, ifutwe vumbi, itiwe tone la mafuta ya mashine kwenye maungio, na pini zikae kwenye kopo lenye kifuniko. Kutu ya msimu wa mvua inazigandisha pini pamoja, na kasha lote linatupwa.

Na wanaotoa vifaa wasikilize

Jambo hili haliwahusu wanunuzi peke yao. Sheria ya migodi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018 inataka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na isaini na wananchi daftari la ahadi za kijamii. Katika mazungumzo hayo, mafunzo ya ufundi kwa vijana na akina mama hutajwa mara nyingi. Ni jambo jema, ila orodha ya vifaa inapoandikwa ofisini na mtu ambaye hajawahi kufunika kiti, inakuja na mashine za kuvutia kwenye picha ya sherehe: za umeme, kwa kartie isiyo na umeme, na kasha moja la pini ambazo hazipatikani Kolwezi.

Wawakilishi wa kartie na wa familia zilizohamishwa wana haki ya kuuliza mapema. Mashine ni ya mkono au ya umeme? Inakula pini namba gani? Pini hizo zinauzwa wapi mjini? Kila aliyefunzwa atapewa makasha mangapi, na atarudi kwa nani mashine ikikwama? Maswali hayo matano yaandikwe kwenye daftari kabla ya saini. Chombo kinachotolewa bila majibu hayo kitaonekana sokoni, kikiuzwa kwa bei ya kutupa, kabla ya mwezi kwisha, na lawama atabebeshwa aliyekipokea.

Familia iliyopoteza nyumba kwa ajili ya shaba haikosi akili wala mikono. Inachokosa mara nyingi ni nafasi ya kukosea mara ya pili. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo mkononi leo aende sokoni na vipande vyake vya mbao na kitambaa, aulize pini kwa wauzaji watatu, abane mpini mara 20, na alipe tu pale mkono wake na namba ya kasha vitakapokubaliana.